Uzi: Vijidudu vinavyojenga na kula mapango, na namna ya kujua kama kweli ni vyenyewe

#1 Mwamba_na_Maji (mleta mada)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Pango la mawe ya chokaa tulisomeshwa shuleni kwa mistari michache. Mvua inabeba hewa ukaa kutoka kwenye udongo, inakuwa asidi hafifu, inapenya kwenye nyufa na kuyeyusha mwamba. Ikidondoka kwenye uwazi wa pango, hewa ukaa inatoka, chokaa inaganda tena, na baada ya maelfu ya miaka stalaktiti inaning'inia darini na stalagmiti inasimama chini yake. Maelezo haya ni sahihi, lakini yanamsahau mfanyakazi aliyekuwemo tangu mwanzo. Hata hiyo hewa ukaa ya udongoni, kwa sehemu kubwa ni pumzi ya mizizi na ya vijidudu vinavyoozesha majani.

Nataka tujadili mambo mawili: vijidudu vinafanya nini hasa kwenye madini ya pangoni, na tunajuaje kuwa ni vyenyewe vilivyofanya? Hilo la pili ndilo gumu, na ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Naanza na pango la Lechuguilla, New Mexico, Marekani, ndani ya hifadhi ya Carlsbad Caverns. Kwa miaka mingi lilijulikana kama shimo fupi tu ambalo watu waliwahi kuchimba humo mbolea ya popo. Wapenda mapango walikuwa wakisikia upepo ukivuma kutoka chini ya kifusi. Wakaomba kibali, wakachimba, na Mei 1986 wakatokea kwenye njia ambazo leo zimepimwa zaidi ya kilomita 240. Ndani walikuta marundo ya jasi (madini laini ya salfeti ya kalsiamu), madonge ya salfa ya njano, na mapambo ya jasi yanayoshuka kutoka darini hadi mita 6 hivi. Sasa jiulize, maji ya mvua yenye hewa ukaa yangeitoa wapi salfa yote hiyo?

Jibu ni kwamba pango lile lililiwa kutoka chini kwenda juu. Kando ya milima ile kuna bonde lenye mafuta ya petroli. Huko chini, bakteria wasiohitaji oksijeni walikula mafuta huku wakitumia salfeti kupumua, wakatoa hidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza. Gesi ikapanda, ikakutana na maji yenye oksijeni, ikageuka kuwa asidi ya salfuriki. Hii si asidi hafifu ya mvua, inakula mwamba kwelikweli:

CaCO3 + H2SO4 + H2O → CaSO4·2H2O + CO2

Chokaa inaondoka, jasi inabaki, na hewa ukaa inayotoka inaingia kwenye maji na kuyeyusha chokaa zaidi.

Tunajuaje kuwa bakteria walihusika kule chini? Salfa ina aina nyepesi na aina nzito, yaani isotopu ya 32 na ya 34, na bakteria wanaopumua salfeti hupendelea ile nyepesi. Mwanajiolojia Carol Hill alionyesha kuwa salfa na jasi ya mapango ya milima ya Guadalupe ni nyepesi kiasi ambacho kemia ya kawaida ya joto la chini haiwezi kukifikia peke yake. Halafu mwaka 1998 Victor Polyak na wenzake walipima umri wa alunaiti, madini yanayozaliwa pale asidi ile inapokutana na udongo wa mfinyanzi. Wakapata kati ya miaka milioni 4 na 12 hivi, mapango ya juu mlimani yakiwa ndiyo ya zamani zaidi.

Nitaendelea na mapango ambako kazi hiyo inafanyika hadi leo, mbele ya macho ya watu.

#2 Kambi_Popote

Naweka kambi hapa. Mkuu usituache njiani kama nyuzi nyingine.

#3 Binti_Chumbageni

Mleta mada asante sana. Mimi ni wa Tanga. Mapango ya Amboni tunayajua tangu utoto, na si mbali na pale kuna chemchemi za Galanos zinazonuka salfa mpaka watu wanakwenda kuoga kutibu ngozi. Nilivyosoma mayai viza na mapango ya chokaa sehemu moja, moyo umenidunda. Je, Amboni nayo ililiwa na asidi ya salfuriki?

#4 Mwamba_na_Maji

Dada, swali lako ni la maana na nitalirudia, kwa sababu linahitaji kwanza tuone pango la salfa linafananaje likiwa hai.

Kuna pango linaitwa Cueva de Villa Luz, jimbo la Tabasco, kusini mwa Mexico. Mto unaopita ndani ni mweupe kama uji kwa chembe za salfa. Hewa ni mbaya kiasi kwamba watafiti wanaingia na barakoa za gesi. Ila samaki wamo tele, na Wazoque, wenyeji wa eneo lile, wana sherehe ya jadi iliyohusu kuwavua humo pangoni.

Darini na ukutani kuna kitu ambacho ningependa kila mtu angekiona. Ni kamasi. Ute mweupe, mwingine unaangaza, unaning'inia kwa nyuzi nyembamba, na kila uzi una tone kwenye ncha. Tone lile lina pH (kipimo cha asidi, kadiri namba inavyoshuka asidi ni kali zaidi) karibu na 1, wakati mwingine chini ya hapo, na likidondokea shati linaweza kulitoboa. Ute wenyewe ni jamii ya bakteria, hasa wa kundi la Acidithiobacillus, wanaochukua hidrojeni salfaidi na oksijeni kutoka hewani, wanapata nishati, na taka yao ni asidi ya salfuriki.

Angalia sasa sehemu ambayo kwangu ndiyo kiini cha habari yote. Asidi kali ikigusa chokaa, chokaa huipoza mara moja, yaani huiondolea makali. Sasa tone linawezaje kubaki na pH ya 1 juu ya mwamba wa chokaa? Linaweza kwa sababu kati ya ute na mwamba kuna tabaka la jasi, na jasi haipozi asidi. Bakteria walianza kwa kula ukuta, ukuta ukageuka jasi, na jasi ikawa godoro linalowatenga na chokaa. Hapo ndipo asidi yao inaweza kujilimbikiza na kuwafukuza viumbe wengine wasioistahimili. Baadaye tabaka la jasi linakuwa zito, linamenyeka, linaanguka mtoni, linayeyuka na kuondoka na maji. Chokaa mpya inabaki wazi na kazi inaanza upya. Pango linapanuka hivyo.

Italia nako, kwenye mapango ya Frasassi ambayo ukumbi wake mkubwa uligunduliwa 1971, hali hii ipo katika sehemu za chini zilizo karibu na maji ya salfa. Kundi la mtafiti Jennifer Macalady limefanya kazi kubwa huko.

#5 Mwl_Kemia

Ndugu mleta mada, naheshimu uzi wako na nimeusoma neno kwa neno. Lakini kama mwalimu wa kemia sina budi kuuliza. Hidrojeni salfaidi ikikutana na oksijeni inaungua yenyewe polepole, haihitaji bakteria. Jasi inatokea popote asidi ya salfuriki inapogusa chokaa, iwe asidi hiyo imetengenezwa na bakteria au imetoka kwenye chupa ya maabara. Kwa hiyo ukikuta jasi, na juu ya jasi ukakuta bakteria, umethibitisha nini? Mtu kukutwa sebuleni hakumfanyi kuwa fundi aliyeijenga nyumba.

#6 Mwamba_na_Maji

Mwalimu, umeuliza lile nililotamani liulizwe, na ninakubaliana nawe kabisa. Vijidudu vipo kila mahali. Popote penye unyevu pangoni utavipata ukivitafuta, na vingi kati yao ni wapangaji tu.

Suala la asidi limepimwa, na matokeo yanatofautiana pango kwa pango. Kwenye pango la Lower Kane, Wyoming, Annette Summers Engel na wenzake walichapisha mwaka 2004 kwamba gesi inayotoka majini kwenda hewani ni kidogo. Sehemu kubwa inaliwa na mikeka ya bakteria (tando zao nene) humohumo kwenye maji, na bakteria hao wamejibandika juu ya chokaa na kuiyeyusha pale waliposhika. Huko kijidudu ndiye mlaji mkuu. Frasassi hali ni tofauti. Mwaka 2015 Daniel Jones, Macalady na wenzao walionyesha kuwa gesi nyingi inatorokea hewani. Mikeka ya bakteria chini ya maji, pale oksijeni ni chache, inaishia kutengeneza chembe za salfa badala ya asidi, kwa hiyo chokaa ya chini ya maji hailiwi sana na uharibifu mkubwa uko juu ya maji. Ni gesi ileile na chokaa ileile, na bakteria ni wa aina zinazokaribiana, lakini matokeo hayalingani. Ndiyo maana nasema haitoshi kumwona kijidudu. Lazima upime anakula kiasi gani na anatoa nini.

Kuhusu "kuungua yenyewe", ni kweli, inaungua. Ila ni polepole mno ukilinganisha na bakteria, na kasi hiyo ndiyo inayoamua kama asidi itazaliwa ukutani au gesi itakuwa imeshatoka mlangoni.

Sasa dada wa Chumbageni. Chemchemi ya salfa kuwa jirani na pango haitoshi, kwa sababu hiyohiyo aliyoitoa Mwalimu. Amboni ni chokaa ya kale, ya kipindi cha Jura, na maelezo yanayotolewa siku zote ni ya maji ya mvua na ya mto yenye hewa ukaa. Ili mtu aseme ni asidi ya salfuriki, inabidi atafute alama zake: mabaki ya jasi iliyochukua nafasi ya chokaa ukutani (si maua ya jasi yaliyokauka juu juu tu), alunaiti kwenye mifuko ya mfinyanzi, kumbi pana zinazokoma ghafla bila njia ya mto, na salfa yenye isotopu nyepesi. Hiyo ni kazi nzuri ya shahada ya uzamili kwa kijana wa Tanga. Ukiingia pale, macho yako yasiishie kwenye maumbo wanayoonyesha waongozaji, angalia pia kuta za pembeni.

Na tahadhari kwa wote: mahali popote gesi hiyo inaponuka kwa nguvu halafu ghafla ukaona hainuki tena, toka. Ikizidi inaua uwezo wa pua kuisikia kabla haijakuua wewe.

#7 Mlima_Elgon

Salamu kutoka Kenya. Nyumbani kwetu kuna pango la Kitum, ndovu wanaingia usiku gizani kabisa, wanachimba ukuta kwa pembe na kula chumvi. Hiyo chumvi nayo ni kazi ya vijidudu?

#8 Mwamba_na_Maji

Kitum ni mfano mzuri wa upande wa pili, karibu sana ndugu. Mwamba ule si chokaa, ni majivu na mawe ya volkano yaliyoshikana, yenye sodiamu nyingi. Maji yanapita ndani yake, yanabeba chumvi, yanafika ukutani, yanakauka, chumvi inabaki. Madini yanayotajwa zaidi ni mirabilaiti, salfeti ya sodiamu yenye maji ndani yake. Kwa kazi hiyo ukavu unatosha, kijidudu si lazima. Popo wa pale wanaweza kuongeza madini yao kwa njia ya mavi, lakini chumvi ya ndovu inaelezeka kwa maji na hewa tu.

Halafu msisahau kuwa Kitum imehusishwa na wagonjwa wa virusi vya Marburg waliolitembelea katika miaka ya 1980. Mapango yenye popo wengi si ya kuingia kifua wazi.

Mfano mwingine wa "si vijidudu" ni Naica, jimbo la Chihuahua, Mexico, ambako wachimba madini walitoboa mwaka 2000 na kukuta fuwele za jasi zenye urefu unaozidi mita 11. Zile zilikua majini, kwenye joto la chini kidogo ya nyuzi 58 za Selsiasi, kwa sababu aina moja ya salfeti ya kalsiamu ilikuwa ikiyeyuka polepole na nyingine ikiganda polepole. Juan Manuel García-Ruiz na wenzake walieleza hilo vizuri mwaka 2007. Uzuri wa ajabu unaweza kutokea bila kiumbe hai yeyote kugusa.

#9 Mwl_Kemia

Sawa. Hapo umenishika kwenye salfa. Twende kwenye chokaa yenyewe sasa. Stalaktiti inaganda kwa sababu hewa ukaa imetoka. Bakteria anaingilia wapi?

#10 Mwamba_na_Maji

Anaingilia kwa njia kama tatu hivi, na zote ni kemia unayoifundisha, Mwalimu.

Kwanza pH. Bakteria akivunja urea au protini anatoa amonia, amonia inapandisha pH, na pH ikipanda bikaboneti inageuka kaboneti, kaboneti inamkamata kalsiamu, kalsaiti (fuwele ya chokaa) inashuka. Mwaka 1973 watafiti wa Uhispania waliandika kwenye jarida la Nature kwamba uwezo huu si wa bakteria wachache maalumu. Bakteria wa kawaida wa udongo, wakipewa chakula kinachofaa chenye kalsiamu, wanatengeneza fuwele za kalsaiti.

Pili, ngozi ya seli. Ukuta wa bakteria una chaji hasi, kalsiamu ina chaji chanya, inajibandika. Fuwele inapata mahali pa kuanzia, na kuanza ndiko kugumu kwa fuwele. Kwa hili bakteria si lazima awe hai, hata mzoga wake unatosha.

Tatu, na hii naipenda zaidi, ni wazo alilolitetea Hazel Barton na wenzake mwaka 2010. Kwa seli, kalsiamu nyingi ni sumu. Bakteria anayeishi juu ya mwamba wa chokaa anaogeshwa na kalsiamu kila dakika, na lazima aisukume nje. Anaisukuma, inakutana na kaboneti, inaganda. Kwa mtazamo huo kalsaiti ni njia ya kujiokoa, si ujenzi wa makusudi.

Ila kwenye stalaktiti kubwa inayodondoka kwa kasi, mimi naona kutoka kwa hewa ukaa kunaimeza michango hii yote. Vijidudu vinaonekana zaidi mahali palipotulia, kwenye vidimbwi. Ndani ya Hidden Cave, New Mexico, kuna vidole vya kalsaiti vilivyokua vikining'inia ndani ya maji ya kidimbwi ambacho sasa kimekauka. Stalaktiti ya kawaida haiwezi kukua ndani ya maji, kwa sababu hakuna tone la kudondoka. Na baina ya kidole na kidole kuna nyuzi zilizojikunja kama herufi U. Leslie Melim na wenzake walipokata vidole hivyo na kuvitia asidi kidogo, kwenye hadubini ya elektroni zikajitokeza nyuzinyuzi za vijidudu zilizofunikwa na kalsaiti. Utando wa vijidudu ulining'inia majini kwanza, jiwe likafuata umbo lake.

#11 Fundi_Zege

Nimekuwa msomaji tu hapa lakini hiyo ya urea imenigusa maana ni kazi yangu. Chuo kikuu cha Delft, Uholanzi, Henk Jonkers ametengeneza zege lenye mbegu za bakteria ndani yake. Zege likipasuka maji yanaingia, bakteria wanaamka, wanakula chakula walichowekewa, chokaa inaziba ufa. Wale hawatumii urea, wanatumia laktati ya kalsiamu. Wa urea ni Sporosarcina pasteurii, huyo anatumika kushikisha mchanga. Kwa hiyo kwenye ujenzi hakuna ubishi kuwa bakteria anaweza.

#12 Mwl_Kemia

Kuweza maabara ni jambo moja, kufanya pangoni ni jambo jingine. Pangoni chakula ni haba.

#13 Mwamba_na_Maji

Umesema kweli, Mwalimu, na asante Fundi, mchango wako una uzito. Uhaba wa chakula ndio unaofanya pango kuwa la kuvutia. Kijidudu kisichopata majani wala mavi inabidi kile jiwe lenyewe, yaani kichukue nishati kwenye madini ya chuma na manganizi.

Turudi Lechuguilla. Kuta zake sehemu nyingi zimefunikwa na unga laini wa hudhurungi, mwekundu, mweusi. Ukiweka kidole unazama (na hairuhusiwi kuweka kidole). Zamani ilidhaniwa ni takataka tu iliyobaki baada ya asidi kula chokaa. Diana Northup, Penelope Boston na wenzao wakauchunguza unga ule wakakuta chuma na manganizi kwa wingi kuliko mwamba ulio nyuma yake, pamoja na vijidudu jamaa wa wale wanaojulikana kuoksidisha madini hayo, yaani kuyaunganisha na oksijeni. Hoja yao ni kwamba mwamba una chembe kidogo za chuma na manganizi ambazo bado hazijapata oksijeni ya kutosha. Vijidudu vinazichota, vinazioksidisha, na mabaki ni ule unga.

Hapa ndipo vipimo vinapohesabika, Mwalimu. Kumwona kijidudu kwenye unga ni hatua ya kwanza. Ya pili ni kumpa madini hayo kwenye chupa, chupa nyingine ukaua vijidudu vyake kwanza, halafu ukaona kama ile yenye uhai inazalisha oksaidi na iliyouawa haizalishi. Ya tatu ni kulinganisha fuwele za chupani na za pangoni. Ya nne ni isotopu, pale zinapofaa. Jambo ambalo limepita hatua moja tu bado ni dhana, hata likiwa na picha nzuri kiasi gani. Nimeona makala nyingi zinazoweka picha ya kitu chenye umbo la bakteria na kutangaza mwenye kazi amepatikana, na hilo linaniudhi, kwa sababu fuwele zenyewe zinaweza kuwa na maumbo ya duara na ya uzi bila uhai wowote.

#14 Bin_Malindi

Assalaam alaykum. Mie naishi Oman, na pango la Al Hoota kule chini ya Jabal Shams nimelipenda sana, lina samaki wasio na macho. Suali langu ni la mapango ya watalii kwa jumla. Nimeona sehemu kadhaa, kando ya taa, mawe yamekuwa ya kijani. Khasa ni madini ya shaba au ni nini?

#15 Mwamba_na_Maji

Waalaykum salaam. Kwa kawaida hiyo si shaba, ni uhai. Taa ikikaa muda mrefu mahali palipokuwa giza, mwani na bakteria wa kijani wanaota, baadaye kuvumwani na kangaga. Wanatoa asidi zao, wanakula uso wa kalsaiti, na usipowaondoa wanaweza kuzikwa ndani ya chokaa inayoendelea kuganda, kijani kikabaki ndani ya jiwe. Dawa ya kwanza ni taa zisizo na joto, zenye mwanga usiopendwa na mimea, zinazowaka watu wakipita tu.

Funzo kubwa la namna hii ni Lascaux, Ufaransa. Pango lile la michoro ya kale liligunduliwa Septemba 1940 na kufunguliwa kwa watalii 1948. Watu walifika hadi 1,200 kwa siku. Pumzi zao zikaleta joto, unyevu na hewa ukaa. Kukatokea maradhi mawili. La kijani lilikuwa mwani juu ya kuta, na jeupe lilikuwa kalsaiti mpya iliyoanza kufunika michoro. Mwaka 1963 likafungwa. Mwaka 2001, baada ya mtambo mpya wa hewa kufungwa, ukungu wa Fusarium ukatapakaa. Kwa hiyo si vijidudu tu vinavyobadili madini ya pango. Binadamu akiingia anabadili hali ya hewa, vijidudu vinabadilika, na madini yanafuata.

#16 Mlima_Elgon

Na mavi ya popo? Nimesoma kuwa zamani yalitengenezewa baruti.

#17 Mwamba_na_Maji

Ni kweli. Bakteria wanageuza amonia kuwa nitriti, wengine wanageuza nitriti kuwa nitreti, na nitreti inashikana na kalsiamu kwenye udongo mkavu wa pangoni. Kwenye Mammoth Cave, Kentucky, wakati wa vita ya 1812 kati ya Marekani na Uingereza, watu waliokuwa watumwa ndio waliochimba udongo huo, wakauosha kwa maji, maji yakapitishwa kwenye majivu ya kuni ili kalsiamu ibadilishane na potasiamu, na kikapatikana kiungo kikuu cha baruti. Mabomba yao ya mbao na mapipa ya kuoshea bado yamo ndani. Mwaka 1977 watafiti walionyesha kuwa bakteria wa Nitrobacter wamo kwa wingi kwenye udongo ule. Chanzo cha naitrojeni pale kimejadiliwa sana, kwa kuwa si yote inayotokana na popo.

Kwenye mavi yenyewe fosfeti inashuka chini, inakutana na chokaa, inatoa madini ya apataiti na brashaiti. Ikikutana na mfinyanzi inatoa madini mengine, taranakaiti.

#18 Kidato_cha_Tano

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi, nimesoma uzi wote. Sina hadubini ya elektroni wala pango. Kuna kitu naweza kufanya shuleni kuhusu hili?

#19 Mwl_Kemia

Marahaba mwanangu. Mleta mada, huyu mpe jibu la uhakika.

#20 Mwamba_na_Maji

Marahaba. Kipo, na ni cha bei ndogo.

Chukua udongo wa bustani wenye majani yaliyooza, ukoroge kwenye maji, acha utulie, chuja kwa kitambaa. Maji hayo gawa kwenye chupa mbili. Ya kwanza iache ilivyo. Ya pili ipike kwa shinikizo kwenye sufuria la presha kwa nusu saa au zaidi, kwa sababu mbegu za bakteria wengine zinavumilia maji ya kuchemka ya kawaida. Acha ipoe huku ikiwa imefunikwa. Chupa ya tatu weka maji safi yaliyochemshwa, bila udongo.

Zote tatu ziongeze mbolea ya urea, kama kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, na kloridi ya kalsiamu kiasi hichohicho, umwombe mwalimu wa maabara. Urea usiitie kabla ya kupika, joto litaivunja na utajidanganya. Funika kwa kitambaa safi, weka mahali pa joto la kawaida, si juani.

Kila siku pima pH kwa karatasi, na nusa kwa mbali. Chupa yenye uhai ikianza kunuka amonia na pH kupanda, angalia chini na kwenye kuta za chupa kama kuna unga mweupe. Uchuje, uoshe, ukaushe, udondoshee siki. Ukitoa mapovu, ni kaboneti.

Halafu linganisha na chupa mbili nyingine kabla hujaandika neno lolote kuhusu bakteria. Kama unga umetokea zote tatu, basi kuna kitu kingine, pengine kloridi yako ina uchafu au maji yenu ni magumu, na hilo nalo liandike. Kama umetokea kwenye ya kwanza peke yake, rudia na udongo wa mahali pengine. Vaa miwani ya maabara, usinywe wala kuonja kitu, na mkimaliza mwageni na kuosha chupa kwa sabuni.

Weka vipimo vyako hapa kwenye uzi, vya chupa zote tatu, hata vile ambavyo havikutoka ulivyotarajia.